Ushauri wa Mhandisi kwa Simu: Una Ujira au Hauna?

Katika mabaraza yetu ya pwani, tangu Lamu hata Vanga, umeingia mjadala mpya baina ya kahawa chungu na habari za mpira. Mjadala wenyewe ni huu: mhandisi akiulizwa jambo la nyumba kwa simu, akatazama picha alizopelekewa, akajibu bila ya kuondoka kitini pake, je, ni haki kudai ujira? Wako wasemao kuwa ni haki yake kama ilivyo haki ya mwashi kulipwa kwa kupiga chokaa. Wako wasemao kuwa huko ni kuuza maneno, na maneno hayana mzani wala pishi. Na kila upande una hoja, na kila mwenye hoja ana ndugu yake aliyepatwa.

Jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Vijana wetu wengi wako Muscat, Dubai, Jeddah na London, na kila mwezi hujinyima wakaleta fedha nyumbani ili wajenge. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, nyumba iko Kisauni au Likoni au Malindi, na msimamizi ni ndugu au mjomba ambaye kazi yake hasa ni duka au uvuvi. Zamani barua ya kueleza ufa wa ukuta ilikwenda majuma mawili na jawabu ikarudi majuma mawili, na ukuta haukungoja. Leo picha ya ufa yafika Muscat kabla ya chai kupoa, na kutoka Muscat yafika kwa mhandisi popote alipo. Basi swali la malipo limekuja pamoja na wepesi huu. Kitu kikiwa chepesi kufika, watu hudhani kuwa ni chepesi kukitoa.

Tuchukue mfano, msomaji, ili tusizungumze hewani. Tuseme kuna bwana afanyaye kazi Muscat, amejenga nyumba ya ghorofa, na mamake anakaa chini. Siku moja nduguye aona ufa katika dari, chini ya roshani, na vipande vya zege vimeanguka sakafuni. Apiga picha na kumpelekea kakake, naye ampelekea mhandisi, mtoto wa mtaa ule ule waliocheza pamoja utotoni. Mazungumzo yao hayatakuwa mbali na haya:

"Assalamu alaykum, ndugu yangu. Samahani kwa usumbufu. Hebu tazama picha hiyo, uniambie kama kuna neno."

"Wa alaykumu salaam. Hamjambo huko? Picha nimeiona. Mambo ni mawili. La kwanza, mama asikae chini ya dari hiyo wala pasipite mtu, tangu sasa. La pili, kukwambia sababu ni nini na dawa ni ipi ni kazi, na kazi hiyo ina ujira wake."

"Ujira? Ndugu yangu, si kutazama picha tu!"

Hapo ndipo penye kesi yetu. Bwana wa Muscat si bahili, na mhandisi si mwenye tamaa. Kila mmoja ana picha yake kichwani ya kitu kinachotolewa. Mmoja aona dakika tano za kutazama simu. Mwengine aona miaka aliyosoma, miaka aliyofanya kazi chini ya wakubwa zake, na juu ya hayo, aona jina lake limefungwa na dari ile muda wote itakaosimama.

ILIMU NA UJIRA

Hoja ya kwanza ya wapingao ni kuwa ilimu haiuzwi. Hoja hii ina heshima, kwa kuwa tumelelewa nayo vyuoni. Lakini tuipime vyema. Hata chuoni mwalimu alipewa ufito mtoto alipotiwa, na mwanafunzi wa ufundi alimpa mkufunzi wake kilemba siku alipohitimu. Mkono wa mwalimu haukurudi mtupu, na hakuna aliyesema kuwa kauza dini au kauza ufundi. Kilichokatazwa ni kuificha ilimu mtu anayoihitaji, na kuipindua kwa ajili ya fedha. Hakukatazwa mtu kula kwa jasho lake.

Wanaosoma Hadithi wakijua kisa cha masahaba waliopita kwa watu wasiowakirimu, kisha mkubwa wa watu wale akaumwa na nge. Sahaba mmoja alikubali kumsomea kwa sharti la kupewa kondoo, naye akasoma Fatiha, yule mtu akapona. Wenziwe wakaingiwa na shaka kuhusu kondoo wale, wakenda kumuuliza Mtume, naye hakuwaharamishia, bali alitaka naye awekewe fungu lake. Maneno matupu, yasiyopimwa kwa pishi, yalipata ujira, na ujira ulikuwa halali. Ikiwa ni hivyo kwa kusoma, sembuse kwa hesabu za nguzo na dari?

Tena tuisomayo Suratul Kahf kila Ijumaa, ndani yake mna wajenzi wawili, na kila mmoja ana mas-ala ya ujira. Wa kwanza ni yule mja aliyefuatana na Nabii Musa, tumjuaye kwa jina la Khidhri. Walifika mji ambao watu wake waliwanyima chakula, wakakuta ukuta unaokaribia kuanguka, naye akausimamisha. Musa akamwambia kwamba lau angalitaka angalipokea malipo kwa kazi ile. Khidhri hakupokea, kwa kuwa ukuta ulikuwa wa mayatima wawili na chini yake mna hazina yao. Wa pili ni Dhulkarnaini, ambaye watu walitaka kumlipa awajengee kizuizi baina yao na Juju na Majuju. Yeye naye hakutaka mali yao, lakini alitaka nguvu zao, na vipande vya chuma, na shaba iliyoyeyushwa.

Tazama mambo mawili hapa. Wajenzi hawa wote wawili hawakulipwa, lakini hapana aliyesema kuwa kulipwa ni haramu. Nabii Musa aliona kuwa ni jambo la kawaida kabisa. Aliyesamehe ujira alikuwa mjenzi mwenyewe, kwa hiari yake na kwa sababu aliyoijua. Mwenye ukuta hakumsamehesha. Ujira ni wa mwenye kazi. Akitaka kuusamehe ni sadaka yake, na sadaka haiombwi kwa kulaumu.

ILE BURE YA FUNDI

Hoja ya pili ni ya jadi. Watu husema: mafundi wetu wa zamani waliitwa, wakatazama ukuta, wakasema la kusema, wala hawakudai kitu. Hili ni kweli. Fundi mwashi wa Lamu alikuja na timazi yake, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole akausikiliza, akatazama vichwa vya boriti za mikoko kama vimeliwa na mchwa, kisha akasema, "Ukuta huu wataka kushikwa." Hakudai kitu kwa kutazama.

Lakini je, kutazama kwake kulikuwa bure? Fundi yule alitazama ili apewe kazi. Akishapewa, gharama ya jicho lake ilikuwa ndani ya bei ya mkono wake, na mwishowe akapewa na kiinua mgongo. Mwenye nyumba alilipa, ila hakuona ni wapi alipolipia. Mhandisi wa simu hana kazi nyengine itakayofuata. Chokaa atapiga mwengine, vyuma vitanunuliwa na mwengine. Jicho lake ndiyo kazi yake yote. Ukiliondoa hilo katika hesabu umemuondoa yeye.

Kuna na jengine tusilolisema. Anayetazama bure ili apewe kazi ana sababu ya kuiona kazi hata pasipo nayo. Ufa wa plasta tu aweza kuuita ufa wa ukuta, na paa la kuzibwa akaliita paa la kuvunjwa. Anayelipwa kwa jicho lake pekee hafaidiki kwa kukutia hofu, wala hapati hasara kwa kukwambia, "Hapana neno hapa, paka rangi ulale." Kwa hivyo mara nyingi ujira ulio wazi ndio uwekao ulimi sawa.

SIMU YA KANSAS CITY

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu kuliko zote mbili. Wapingao husema: huyu hakufika. Hakugusa ukuta, hakupanda ngazi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Vipi atalipwa kwa jambo asiloliona?

Kujibu hili, turuhusu safari fupi hadi Marekani, katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Mwaka 1980 ilifunguliwa hoteli kubwa iitwayo Hyatt Regency. Ndani ya ukumbi wake palikuwa na madaraja ya kupitia watu, yaliyoning'inizwa juu kwa fito za chuma kutoka darini. Daraja la ghorofa ya nne lilikuwa juu, na chini yake daraja la ghorofa ya pili. Katika mchoro wa kwanza fito zilitoka darini, zikapita daraja la juu, zikafika daraja la chini, kila ufito mzima bila kukatwa. Mafundi wa chuma waliona taabu kuzitengeneza fito ndefu hivyo. Wakapendekeza zikatwe: fito za kwanza zitoke darini zishike daraja la juu, na fito nyengine zitoke katika daraja la juu zishike la chini.

Kwa asiyejua, ni mamoja. Lakini fikiri kamba moja ya kisima iliyofungwa ndoo mbili. Ukizifunga zote mbili kwenye kamba, kila mkono wa ndoo wabeba ndoo yake. Ukiifunga ndoo ya chini kwenye mkono wa ndoo ya juu, kamba haijaongezewa kitu, lakini mkono wa ndoo ya juu sasa wabeba mbili. Ndivyo ilivyokuwa kwa daraja lile la juu. Tena uchunguzi uligundua baadaye kwamba hata mchoro wa kwanza ulikuwa pungufu ya nguvu iliyotakiwa na kanuni za mji. Mabadiliko yakaufanya upungufu kuwa mauti. Jioni ya tarehe 17 Julai, 1981, watu wamejaa ukumbini kwa ngoma na dansi, madaraja yakaanguka. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Sasa sikiliza palipo na somo letu. Ilipoulizwa nani aliyeyaruhusu mabadiliko yale, upande wa mafundi wa chuma ulisema walipiga simu kwa wahandisi wakaruhusiwa. Upande wa wahandisi ukakana. Hapakuwa na hati ya mazungumzo yale, wala hesabu iliyofanywa upya. Palikuwa na michoro iliyopigwa muhuri wa mhandisi tu, na muhuri huo ndio uliowahukumu. Wahandisi wawili wenye dhamana wakapokonywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Je, kosa la Kansas City lilikuwa ni simu? La. Lilikuwa ni neno lisilo na mwenyewe. Ikiwa ruhusa ilitolewa, ilitolewa kwa wepesi, na hakuna aliyeiona kuwa ni kazi inayostahili kukaa kitako na kalamu. Swali dogo la mafundi, la kurahisisha kazi, lilistahili hesabu ya saa chache. Lau lingechukuliwa kuwa ni kazi kamili, yenye hati yake na jina lake, hesabu ingefanywa na kosa lingeonekana.

Basi tunajua sasa ujira wa ushauri wa mbali ni wa nini. Haulipii dakika tano, wala hulipii maneno. Unalipia mtu kukaa, kuhesabu, kuandika, na kusema: neno hili ni langu, likiharibika niulizeni mimi. Ujira ni kamba imfungayo mshauri na ushauri wake. Neno la bure halina kamba. Likiua, kila mtu atasema hakulisema yeye.

YASIYOINGIA PICHANI

Hata hivyo, kulipwa hakumfanyi mtu kuona asichokiona. Mhandisi mwenye kuchukua fedha za watu kwa picha lazima kwanza awaambie picha haisemi nini. Pwani yetu ina siri zake.

Tuirudie dari ya bwana wa Muscat. Zege imemeguka na chuma kinaonekana chekundu. Picha yaonyesha kutu, lakini haionyeshi kutu imeanzia wapi. Huenda mchanga ulichotwa ufuoni, nao una chumvi, na chumvi yala chuma ndani ya zege. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba huisukuma zege mpaka ikapasuka. Au huenda mchanga ni mzuri, lakini zege iliyofunika chuma ni nyembamba mno, hewa ya bahari ikaingia. Au chuma ni kidogo kuliko kilivyoandikwa kwenye mchoro, kwa kuwa fedha za vyuma vilivyobaki zilipita njia nyengine. Kwa jicho la simu, maradhi yote matatu yana uso mmoja. Dawa zake ni mbalimbali, na moja yake ni kuibomoa roshani.

Na ardhi yetu nayo ni hivyo hivyo. Jiwe la matumbawe laweza kuwa gumu juu na chini yake mna pango. Picha ya msingi haionyeshi pango. Nyumba za kale za mawe na chokaa nazo zina dasturi yake: kuta zake hupumua, na ukizipaka saruji ngumu kwa nje unyevu hufungika ndani, ukuta ukaanza kuharibika kimya kimya. Kijana wetu aliyesomea uhandisi na kufanya kazi Dubai, katika majengo ya vioo, huenda hajui hili, na kwa mbali atashauri saruji kwa nia safi kabisa. Ilimu yake ni ya kweli, ila si ya ukuta huu.

Hapa sheria nayo ina neno lake. Kenya ina Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, na kuna Bodi ya Wahandisi wa Kenya yenye daftari la waliosajiliwa. Usajili wa nchi moja hauvuki mpaka kwa simu. Aliyesajiliwa ng'ambo aweza kumsaidia nduguye kuelewa mambo, aweza kumfundisha maswali ya kuuliza, lakini hati ya kujengea nyumba ya Likoni yataka mwenye haki ya kuitia sahihi hapa. Akichukua ujira kana kwamba anayo haki hiyo, amekula kisicho chake. Na wataalamu wa fiqhi wamelijua hili zamani kwa upande wa utabibu: mwenye kujitia utabibu asioujua akadhuru, hana udhuru, atalipa. Mganga wa nyumba hana tafauti na mganga wa mwili.

MASHARTI YA UJIRA SAFI

Tukikubali kuwa ujira ni halali, hapana budi tuseme ni ujira wa namna gani. Mimi si mufti wala si mhandisi, lakini kutokana na misingi ya ijara tuliyosomeshwa, na kutokana na kisa cha Kansas City, naona masharti haya hayana mpinzani.

Kwanza, bei ijulikane kabla ya kazi. Kutazama na kunyamaza, kisha kupeleka hesabu mwisho wa mwezi, ni kumtega mtu. Kazi iwe inajulikana na malipo yawe yanajulikana. Hiyo ndiyo ijara. Na kama mhandisi ataka kujibu bure, naye aseme mapema kuwa ni bure, ili asije akaudai wema wake baadaye.

Pili, aseme wazi kiasi cha alichokiona. "Kwa picha nilizoletewa, nadhani ni hivi, sikuugusa ukuta, msingi siujui." Maneno haya hayampunguzii mhandisi heshima. Na ikiwa picha haitoshi kabisa, aseme haitoshi, asitafute neno la kujaza ili ahalalishe fedha. Hapo ushauri mzuri kuliko wote ni sentensi moja: mwite mhandisi wa karibu, apande ngazi. Na kwa sentensi hiyo asichukue ujira wa kazi nzima, kwa kuwa hakuifanya.

Tatu, aandike. Sauti ya simu hupotea na kila msikilizaji hubaki na yake. Karatasi moja yenye tarehe, jina, picha zilizotazamwa na neno lililosemwa yatosha kumlinda mwenye nyumba, na yamlinda mhandisi vilevile.

Nne, awe na bwana mmoja. Mhandisi anayelipwa na mwenye nyumba, kisha akapokea asante ya muuza saruji au ya mwenye duka la vyuma kwa kumtajia mteja, amekula meza mbili, na ulimi wake hauna tena uhuru. Hilo ni rushwa hata likiitwa zawadi.

Tano, asipandishe bei kwa kadiri ya hofu ya muulizaji. Mtu aliye Jeddah, usiku, akiambiwa kuwa mamake yuko chini ya dari iliyopasuka, atalipa chochote. Bei ipimwe kwa kazi, isipimwe kwa kilio.

NENO LISILOUZWA

Sharti la tano latufikisha kwenye mpaka wenyewe. Rudi kwenye mazungumzo yetu ya mwanzo, utazame mhandisi alivyogawa maneno yake. La kwanza lilikuwa mama atoke chini ya dari. Hilo hakuliwekea bei, wala hakulichelewesha mpaka fedha zifike. Baadaye ndipo aliposema kuwa sababu na dawa zina ujira. Mpangilio huo ndio adabu yote ya kazi hii.

Mfano mkubwa wa neno lisilouzwa nao umetoka Marekani, nao pia umeanza kwa simu. Mwaka 1977 lilimalizika jijini New York jengo la Citicorp, lenye ghorofa 59, lililosimama juu ya nguzo ndefu zilizowekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Mhandisi wake alikuwa William LeMessurier, mwenye sifa kubwa. Mwaka 1978 mwanafunzi mmoja alipiga simu ofisini kwake kuuliza juu ya nguzo zile na upepo. Hakuna aliyemlipa mwanafunzi, wala mwanafunzi hakulipa kwa kuuliza. Lakini kwa maelezo ya LeMessurier mwenyewe, swali lile lilimfanya arudie hesabu, na ndipo alipoona kuwa upepo unaopiga pembeni wahemeza viungo vya chuma kuliko alivyopima, na kwamba viungo hivyo vilifungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa.

Angeweza kunyamaza. Aliwaendea wenye jengo akawaambia, na usiku baada ya usiku mafundi walichomelea vibamba vya chuma kwenye viungo hadi jengo likawa imara. Lawama iliyobaki ni kuwa wakaazi wa mji hawakuambiwa. Habari ilikuja kujulikana kwa watu mwaka 1995. Lakini lile neno la kwanza, la kusema pana hatari, halikungoja mkataba wala bei. Anayejua kuwa nyumba itaanguka, awe kaiona kwa jicho au kwa picha, hana haki ya kuushika ulimi wake akisubiri malipo. Roho haina foleni ya kulipa.

Na walio masikini? Kina mama wajane, vyuo vya mitaani, msikiti mdogo wenye paa linalovuja? Hapa kuna mlango mpana wa wema, na wahandisi wetu wengi wameupita bila kutangaza. Ila mwenye kutoa bure akumbuke kuwa bure haipunguzi uangalifu. Dari ya msikiti ikianguka haitauliza kama mhandisi alilipwa. Atakayetoa sadaka atoe kazi nzima, iliyohesabiwa na kuandikwa, asitoe makombo ya kazi akayaita sadaka.

UPANDE WA MUULIZAJI

Tumewausia wahandisi vya kutosha. Na sisi wenye kuuliza tuna wajibu. Usipeleke picha moja kwa wahandisi watano, ukalichagua jawabu lililo rahisi mfukoni, kisha likiharibika ukamlaumu aliyelitoa. Usifiche la kuaibisha. Ikiwa mchanga ulitoka ufuoni, sema ulitoka ufuoni. Usichukue ushauri uliopewa kwa nyumba yako ukampelekea shemeji kwa nyumba yake, kwa kuwa ufa wake si ufa wako. Na ukishakubaliana na mtu, mlipe mapema. Mtume amehimiza mfanyakazi apewe haki yake kabla jasho halijakauka, na mwenye kufanya kazi kwa kichwa naye hutoka jasho, ila halionekani.

Kwa bwana wetu wa Muscat, basi, hesabu yake ni nyepesi. Mama ametoka chini ya dari, na neno hilo amelipata bure. Lililobaki ni kazi. Amlipe mhandisi amwandikie anachokiona na asichokiona. Na akiambiwa amwite mwengine aliye karibu apime chuma na zege, amwite, amlipe na huyo. Ujira wa wote wawili ni mdogo mno mbele ya bei ya roshani, na roshani ni ndogo mno mbele ya mama.

Kwa kuwa ukurasa huu haukukosa ushairi, nimeyakusanya haya katika ubeti mmoja:

Nyumba iko hatarini, bure tamka haraka,
Usidai mfukoni, watu wakitaabika,
Bali dhamana shingoni, ni mzigo wa kutwika,
Mtwikwa apewe haki, na hati iloandikwa.

Wenye rai nyengine waandike. Uwanja ni wao. Na wahandisi wenyewe wakiwa na la kutukosoa, tutalipokea, kwa ujira au bila ya ujira.